Breki Zilipogoma Mteremkoni

Madereva wenzake walimwita Mwalimu, maana kabla ya kushika usukani alifundisha fizikia miaka tisa. Siku hiyo lori lake lilikuwa limesheheni vigae mpaka springi zimelala, na pembeni yake aliketi mama mkwe wake, aliyeomba lifti kwenda kumwona dada yake. Tangu waondoke, bibi huyo hakuishiwa na neno.

"Gari zima hili unaliendesha kama unasukuma toroli! Hata baiskeli zinatupita."

"Tunashuka na mzigo, mama. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne."

"Hayo ya ubaoni," mama mkwe akasonya.

Walikuwa katikati ya mteremko, gia ya tatu, Mwalimu alipokanyaga breki na pedali ikazama mpaka chini, laini kama anakanyaga mto. Akapampu tena na tena. Wapi! Bomba la mafuta ya breki lilikuwa limepasuka. Na kule chini magari yalipanga foleni kusubiri kuvuka daraja jembamba.

Moyo ulimruka mara moja tu, kisha akili ikatulia. Tani nane hizi hazitasimama mpaka kitu kizikwaruze, na vya kukwaruza alikuwa navyo. Akakanyaga klachi, akaipandisha injini mzunguko, akashindilia gia ya pili. Injini ikanguruma, lori likasita. Mama mkwe akang'ang'ania dashibodi.

"Tunakufa?"

"Hatufi. Kaza mkanda, mama."

Akaanza kuvuta breki ya mkono, kidogo kidogo. Angeivuta yote kwa pupa, matairi ya nyuma yangefunga, na tairi linaloburuzika halishiki lami kama linaloviringika. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Mshale wa mwendo ukashuka kutoka arobaini hadi thelathini, ukagoma hapo.

Kando ya barabara wajenzi walikuwa wamemwaga tuta refu la mchanga. Mwalimu akalisogeza lori taratibu hadi matairi ya upande mmoja yakaingia humo. Usukani ukamvuta kwa nguvu. Naye akaubana kwa mikono yote miwili. Mchanga ukaruka mpaka kiooni, ukayameza matairi, ukaula mwendo wote. Lori likatikisika, likasimama. Foleni ilikuwa bado mbali.

Mwalimu akashuka, akaweka mawe nyuma na mbele ya matairi, kisha akapima kwa miguu mfereji uliochimbwa na matairi mchangani. Hatua thelathini na moja. Akatabasamu peke yake.

Mama mkwe alikuwa kwenye simu na mwanawe wa kiume. "Hapana, usije. Mimi? Mimi niko na mkeo, nitakuwaje?"

Fundi aliyeitwa na Mwalimu alipofika na bomba jipya, alijitolea kumfikisha bibi kwa dada yake kwa gari lake dogo, lenye kasi. Bibi akalitazama gari lile juu mpaka chini.

"Asante, mwanangu," akasema, akipanda tena kwenye lori. "Mimi nitamsubiri dereva wangu."