Kalvati Nane Zilizopungua

Fundi Kalvati alisimamisha mtaimbo katikati ya jiko la bintiye, akainama, akaweka sikio kwenye ncha ya juu na kuziba sikio la pili kwa kiganja.

"Nyamazeni kidogo," alisema.

Hakuna aliyekuwa akisema. Bintiye alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa juu ya meza, kwani tangu kaa atokee nyuma ya mtungi wa gesi, mtoto hakubali kukanyaga chini.

"Babu mchumba, anasema nini?"

"Nani?"

"Huyo wa chini."

Chuma kilimletea sauti ya kitu kinachomeza taratibu, kikatulia, kikameza tena. Fundi aliinua kichwa na kufuta sikio, kana kwamba limeloa.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu maajabu yaanze. Kwanza walilia vyura, na hakuna aliyewaona. Kisha tete moja jembamba lilipenya kwenye kona ya jiko, likapasua saruji kama uzi unavyopita kwenye kitambaa. Halafu akaja mdiria, ndege mla samaki, akawa anatua kila asubuhi kwenye kamba ya nguo, anaukodolea macho ua mkavu kama anayesubiri kitu kiruke. Jirani mmoja alishauri aitwe mganga. Mkwe wa Fundi, dereva wa lori, alisema aitwe baba kwanza, maana mganga hana mtaimbo. Akacheka, akaenda safari, na tangu hapo akipiga simu huuliza habari za sakafu kabla ya kuuliza za mkewe.

Zamani hapa palipita kijito. Kilianzia kwenye chemchemi nyuma ya shule, kikashuka katikati ya bustani za mboga, kikapiga kona tatu na kuungana na mto mkubwa chini ya daraja la reli. Wakati wa kiangazi ungekiruka bila kuinua nguo. Mvua zikinyesha, kilibeba ng'ombe. Mji ulipopanda kilima, kijito kililazwa ndani ya kalvati mia moja na arobaini, mabomba mapana ya zege, na kufukiwa. Barabara ilinyooshwa juu yake, lakini maji hayanyooki kwa amri. Kwenye kona ya pili yaliiacha barabara na kupita chini ya bustani, ambazo baadaye zilikatwa viwanja.

Fundi ndiye aliyetambaa ndani ya kila kalvati akiziba viungo kwa mkono. Ndipo alipopata jina. Mpaka leo watu humwonyesha kwa kidole na kusema mzee yule ndiye aliyeulaza mto, naye hupunguza mwendo ili wamalize kusema.

Wasichokijua ni kwamba kwenye kona ya pili kalvati nane zilipungua. Zilivunjika zikishushwa, na wakubwa walikuwa wanakuja kufungua barabara Jumatatu. Msimamizi akaamuru mikaratusi ya ukingoni ikatwe, magogo yalazwe juu ya kuta za mawe, udongo umwagwe. "Haya yatatuzika sote," alisema. Kwa upande wake alisema kweli, na kwa vibarua wanne wengine pia. Alibaki hai Fundi peke yake.

"Baba, ni bomba limepasuka, siyo?" bintiye aliuliza. "Sema tu, tuzibe yaishe."

Neno "ndiyo" lilimjia ulimini likiwa limekwisha kuundwa. Zege kidogo juu, vigae, na jina lake lingebaki lilivyo. Badala ya kujibu alipita hadi chumba cha mtoto, akigonga njia nzima. Chini ya dirisha sakafu ilijibu kwa ugumu. Kando ya kitanda ilijibu kama mtungi mtupu.

Aliinama. Chini ya mguu mmoja wa kitanda palikuwa na vipande vya boksi vilivyokunjwa, kimoja juu ya kingine, unene wa vidole vitatu.

"Hivi vya nini?"

"Kitanda kibovu, kinayumba. Kila mwezi naongeza kimoja."

Fundi alikaa sakafuni. Magoti yalilia.

"Hapa hakuna bomba, mwanangu. Ni kijito."

"Kijito kimo kwenye kalvati. Si wewe uliyekilaza?"

"Hapa hatukuweka kalvati. Tuliweka miti, na miti imeoza."

Bintiye alitua ndoo polepole. "Umejua lini kwamba ni hapa?"

"Siku mliponionyesha kiwanja. Nilihesabu hatua kutoka darajani. Zikaniishia langoni kwenu. Nikahesabu tena kwa hatua ndefu, nikajidanganya nimepapita."

"Ukasema ni kiwanja kizuri."

"Nikasema."

"Mwanangu amelala hapo tangu azaliwe, baba."

Hakupaza sauti, na Fundi alitamani apaze. Bintiye alikwenda jikoni, akarudi na mtoto kiunoni.

"Tutoe godoro kwanza," Fundi alisema.

"Usinipangie." Akamhamishia mtoto mgongoni. "Shika upande ule."

Mchana vyombo vilikuwa barabarani: kabati, sufuria, mtungi wa gesi, na mtoto juu ya kochi akiwapungia wapita njia mkono kama bibi harusi.

"Fundi, unamhamisha binti au unamfukuza?" muuza mkaa alimtania. Fundi aliinama kusogeza sufuria, na mwenzake akasukuma mkokoteni wake bila kungoja jibu.

Bintiye alifunga mlango kwa ufunguo, ingawa ndani hapakubaki cha kuibwa. "Kalvati moja ina urefu gani?"

"Mita mbili na nusu."

"Mara nane, ishirini. Nyumba yangu ina mita tisa."

Wote wawili waligeuka kutazama nyumba iliyofuata, upande wa mteremko, ya mama mshonaji. Mashine yake ilisikika ikienda, ikisimama, ikienda. Fundi aliokota mtaimbo.

"Mtaimbo wa nini?" bintiye alisema. "Unajua kilichopo. Nenda na mdomo wako."

Aliuegemeza ukutani. Mikono mitupu ilimsumbua njia yote, hakujua aifiche wapi. Kwenye kizingiti alipiga hodi mara mbili.

Mama mshonaji alifungua akiwa na futi ya kitambaa shingoni na pini mbili midomoni. Alizitoa ili atabasamu.

"Shikamoo, Fundi. Leo umetukumbuka. Karibu, ila samahani, vua viatu, sakafu bado mbichi."

"Marahaba. Umedeki sasa hivi?"

"Nilideki juzi," alisema, akamsogezea kiti.

Fundi alivua viatu, akaviweka nje sambamba, visigino vikigusa kizingiti na ncha zikielekea barabarani.