Amplifaya Isiyopanda Ngazi

Katika kipupwe cha mwaka 2019, wiki tatu kabla ya harusi ya mpwa wake, fundi saa mmoja alilazimika kuchagua kati ya amplifaya yake na mgongo wa shemeji yake.

Amplifaya hiyo ilikuwa ya vali, yaani zile chupa ndogo za kioo ambazo sharti zipate moto kwanza ndipo gitaa litoe sauti. Ilikuwa na uzito wa kilo arobaini na mbili. Kwa miaka kumi na minane ya bendi yao, fundi saa aliishika upande wa mbele, na shemeji yake, mwokaji mikate ambaye ndiye mpiga ngoma, aliishika upande wa nyuma, ulio mzito. Hamali mmoja aliwahi kuigongesha mlangoni akavunja vali mbili. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa.

Sasa daktari alikuwa amemkataza mwokaji kunyanyua chochote kizito kuliko pakiti ya hamira, na ukumbi wa harusi ulikuwa orofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti.

"Basi sipigi," akasema fundi saa.

Dada yake, muuguzi na mwimbaji wa bendi, alimkazia macho. "Kaka, anayeolewa ni mwanangu. Utaacha kumpigia kwa sababu ya kabati?"

"Si kabati. Ile ndiyo sauti yangu. Nikiiacha nyumbani, nani atajua kwamba anayepiga ni mimi?"

"Tutakutundika kibao shingoni," akajibu mwokaji, kutoka kwenye kiti alichowekewa mito mitatu.

Fundi saa hakucheka. Alikuwa mtu ashindaye kutwa ameinamia saa za wenzake, na wateja wengi walikijua kisogo chake kuliko uso. Gitaa lile, kupitia amplifaya ile, ndilo pekee lililowafanya watu wageuke kumtazama.

Kesho yake bibi arusi mtarajiwa alifika dukani, akaweka mezani, katikati ya springi na lenzi, kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kamusi na vitufe vya kukanyagwa kwa mguu. Kilikuwa cha kidijitali. Kiliweza kuiga sauti za amplifaya za zamani makumi kwa makumi, na waya wake ulikwenda moja kwa moja kwenye spika za ukumbi.

"Kinaiga hata ya kwako, mjomba."

"Kuiga ni kazi ya kasuku."

"Basi mfundishe kasuku wako. Nakuomba unipigie siku yangu."

Tangu binti huyo alipokuwa akitambaa na kutafuna bisibisi zake, fundi saa hakuwahi kumnyima kitu. Alikichukua kisanduku.

Kwa wiki nzima alijifungia chumbani, amevaa spika za masikioni, akirekebisha sauti kwa uangalifu ule ule anaorekebishia saa. Aliongeza besi. Aliongeza mwangwi. Aliongeza tena besi, hata gitaa likanguruma kama linalopigwa ndani ya pango, naye akatabasamu peke yake.

Walikutana kufanya mazoezi katika stoo ya mwokaji, baina ya magunia ya unga. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, muuguzi aliinua mkono.

"Kaka, mbona hupigi?"

"Napiga!"

"Unapigia wapi?"

Aliongeza sauti. Ngurumo ikajaa stoo nzima, lakini hakuna aliyeweza kutambua wimbo ndani yake. Fundi saa alichomoa waya, uso umemsawijika.

"Nilisema mimi. Kitu hiki kimenimeza. Tafuteni mpigaji mwingine." Akaanza kulitia gitaa katika mfuko wake wa kubebea.

Mpiga besi wao, binamu yake mshonaji, aliyekuwa na desturi ya kumaliza mazoezi bila kutamka neno, aliushika mfuko ule.

"Ulikipima ukiwa peke yako?"

"Ndiyo. Wiki nzima."

"Ndiyo maana. Umeshona koti lenye bitana tatu. Chumbani unapendeza, humu tumo na sisi, hatuna pa kupita. Besi niachie mimi. Mwangwi uachie ukumbi. Toa bitana."

"Jamani," akanong'ona mwokaji, "amemaliza maneno ya mwaka mzima."

Walianza upya. Safari hii fundi saa alichutama mbele ya kisanduku wenzake wakiendelea kupiga. Alipunguza besi, akafuta karibu mwangwi wote, akainua sauti za kati. Lau angelisikia gitaa hilo peke yake, angeliona haya, kwa jinsi lilivyokuwa jembamba na kavu; lakini baina ya ngoma na besi lilisimama wima, kila noti mahali pake. Ndipo aliposikia jambo geni: mwishoni mwa kila mstari dada yake alikuwa akiipindisha sauti kidogo, kwa madaha.

"Tangu lini unaimba hivyo?"

"Tangu harusi ya kwanza tuliyopiga, kaka. Ulikuwa unatupigia radi."

Jumamosi alasiri fundi saa alipanda orofa nne, gitaa mgongoni na kisanduku kwapani, akafika bila kuhema. Ilipolia noti ya tatu, mama mmoja aliyekuwa amelielekezea jukwaa mgongo akipakua wali alimwambia jirani yake, bila hata kugeuka, "Yule fundi saa amekwisha anza. Shika sahani yangu nikacheze." Fundi saa alimsikia, kwa kuwa sasa alisikia kila kitu, naye nusura apotee njia ya wimbo kwa furaha.

Shughuli ilipokwisha, vijana waliozipandisha ngoma walikuwa wameondoka na msafara wa maharusi. Mwokaji alianza kujiinua kitini taratibu.

"Keti, shemeji," fundi saa akasema, akivua koti. "Miaka kumi na minane umenishikia upande mzito."

"Ngoma ni tano, pamoja na vyuma vyake."

"Naziona."

"Na hiyo kubwa haina pa kushika."

Fundi saa aliikumbatia ile kubwa, asiione miguu yake mwenyewe, akaanza kushuka kwa kupapasa ukuta kwa kiwiko. Mwokaji alimwinamia kutoka juu ya ngazi, amejishika kiuno, akimwongoza: "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Polepole, shemeji, hiyo si saa ya mkononi!"

Alipanda na kushuka mara tano. Mwokaji hakubeba hata fimbo za kupigia.