Luhaga Asisemeshwe

Mwaka ule malori ya barafu ya viwanda vya samaki vya Mwanza yalianza kufika hadi kijijini kwao, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, na kila mwenye mtumbwi akapata wazimu wa sangara. Luhaga akazidi wote. Alimwaga dawa ya kuulia wadudu wa pamba ziwani apate samaki upesi. Ng'washi, binti wa Kashindye wa miaka minane, akachota maji palepale akanywa, na kabla ya jua kuzama alikuwa marehemu.

Kashindye hakutaka Luhaga afungwe jela, asikoonekana. Panga nalo humaliza mambo haraka mno. Alikwenda kwa sungusungu, walinzi wa jadi, akaomba mtu huyo atengwe. Wakamtenga: asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe kwa shida wala msiba, na atakayemsemesha atengwe naye.

"Nataka aonje," Kashindye alimwambia mkewe, Getruda. Getruda akampa kisogo. Kuna kisogo kinachokera kuliko matusi.

Miezi mitano baadaye mtoto wa Luhaga akashikwa na homa kali. Luhaga alizunguka kijiji akiomba baiskeli ya kumpeleka hospitali, kila mlango kimya. Mwisho, kwa kukosa pengine pa kwenda, akasimama uani kwa Kashindye.

"Kaka, mtoto anakufa. Niazime baiskeli."

Kashindye aliendelea kumenya muhogo. Sheria ni sheria. Luhaga akaondoka mbio, mtoto mgongoni, na mtoto akafia njiani.

Asubuhi yake Kashindye alikwenda kutazama. Msimlaumu upesi, alikuwa ameingoja furaha hii tangu siku ya msiba wake, na mtu hufuata kilicho chake. Alimkuta Luhaga nyuma ya nyumba, anachimba kaburi peke yake. Mke wa Luhaga alikaa chini, amepakata maiti iliyofungwa kanga. Kashindye akasimama kando akaingoja furaha. Haikuja. Kilichomjia ni kwamba baiskeli yake ilikuwa ukutani, nzima, na ingemfikisha mtoto hospitali.

Halafu akaona shimo ni fupi. Mzazi hukosea hapo. Yeye mwenyewe, majirani waliochimba kaburi walipomwuliza kipimo cha Ng'washi, alitanua mikono kama alivyokuwa akimbeba zamani, na jeneza likagoma kuingia mbele ya watu wote. Hakuna aibu iliyomuumiza kama ile.

"Fupi," alisema.

Luhaga aligeuka. Mlinzi wa sungusungu aliyewekwa njiani naye akageuka.

"Kashindye, unasema na nani?"

Angeweza kujibu kwamba amejisemea. Mlinzi alikuwa jirani yake, na pengine alikuwa akimwombea ajibu hivyo. Kashindye akaingia shimoni, machozi yanamtoka, hasira yake ikiwa palepale.

"Nasema na Luhaga. Luhaga, tuongeze shubiri mbili huku miguuni. Lete hilo jembe."

Wakachimba wao wawili, wakazika wao wawili. Jioni ile wazee wa sungusungu wakakaa, hawakuchelewa kuamua. Kuanzia kesho yake, ukimwacha Getruda, katika kijiji kizima aliyeweza kumwambia Kashindye "umeamkaje" alikuwa mtu mmoja tu, Luhaga.