Mwonjaji wa Sultani

Nyumba njema si mlango, na mlango wa nyumba hii ya malezi ulikuwa umepakwa rangi juzi tu. Fundi alishika kitasa, rangi ikamganda kidoleni, akaipangusa kwenye ukuta ambao nao ulikuwa unang'aa kwa upya. Watu walimwita dada huyu Fundi kwa sababu ya cherehani yake. Hata mdogo wake aliyekuwa akiishi humu ndani angemwita hivyo, kama angekuwa mtu wa kusema. Lakini alizaliwa na usonji na maneno hakuwa nayo. Alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, mpole, kitinda mimba wa mama yao, na nyumbani walimwita Sultani.

Jina hilo alilitoa mama. Sultani hakula kitu ambacho mtu hajakionja mbele ya macho yake. Alichota kijiko cha kwanza, akakipeleka mdomoni kwa mama, akasubiri. Mama alitafuna, akameza, akasema, "Salama, Sultani," ndipo yeye akaanza kula. Chakula kikiwa kimeungua au kimechacha, mama alikitema, akaondoa sahani na kuleta nyingine. Wageni wakicheka, mama aliwaambia kwamba masultani hawaonji, huonjewa, na kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mama alipofariki, kazi ya kuonja ikamwangukia Fundi. Akaifanya mpaka maji yakazidi unga, maana hawezi mtu mmoja kushona kutwa nzima sokoni na hapohapo kuwa nyumbani. Ndipo akamleta hapa, mahali palipokuwa pakisifiwa na kila mtu.

Na habari ya kuonja aliieleza siku ileile ya kwanza. Msimamizi wa nyumba, mwanamke mwenye sauti laini ya kubembelezea watoto, aliitikia kwa kichwa na kusema wameelewa kabisa. Tangu hapo Fundi alipokuja kumtazama ndugu yake walikaa sebuleni kwenye viti vya wageni. Alimega biskuti, akaonja, Sultani akala. Kila alipokuja aliona mashavu yamezidi kuingia ndani. Msimamizi alisema ni majonzi ya mama.

Leo aliitwa kuja kutia sahihi. Ati Sultani amekuwa hatari. Ati anashambulia walezi wakati wa chakula, mwenyewe hali, na sasa itabidi apelekwe kwenye wodi ya hospitali yenye milango ya chuma, ambako watu wa aina yake hufungwa mikanda kitandani. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Afisa wa ustawi wa jamii, mwanamume wa miwani na mkoba, alikuwa ameketi pembeni yake akisubiri.

"Dada yangu, najua inauma," msimamizi alisema. "Lakini tumevumilia vya kutosha."

"Utaratibu unanitaka nishuhudie mwenyewe," afisa alisema.

"Mtashuhudia wote. Sasa hivi wanapakuliwa. Karibuni." Afisa akaichukua karatasi, wakamfuata.

Kwa hiyo ndivyo Fundi alivyopitishwa kwa mara ya kwanza ng'ambo ya sebule. Harufu iliwapokea kwanza: samaki, dawa ya choo, na kitu kitamu kilichovunda. Akajifunika pua kwa ncha ya kitenge, kisha akaona haya, akaishusha.

Jikoni alikuwepo mlezi wa zamu, bwana mmoja mchangamfu mwenye aproni ya plastiki, akipiga mluzi. Masufuria yalikuwa yakifuka moshi. Wali ulikuwa mweupe, samaki wa mchuzi wametulia vipande vipande, mboga za majani, ndizi mbivu kwenye sinia. Fundi akapumua. Chakula kilikuwa chakula. Alianza hata kujilaumu kwa mawazo yake mabaya.

Mlezi akavuta ndoo. Akamimina wali. Juu ya wali akamimina samaki na mchuzi wake, halafu mboga, halafu akamenya ndizi na kuzitumbukiza moja baada ya nyingine. Akaongeza chai ya maziwa, ili ilainike. Kisha akaponda vidonge vya kila mtu kwa kitako cha glasi, akavinyunyiza kama chumvi, akazamisha mashine ya kusagia ndani ya ndoo na kuiwasha. Ilipozimwa, ndani ya ndoo mlikuwa na uji mzito wenye rangi ya maji ya deki.

"Kwani tumboni si vinaenda kuchanganyika?" mlezi alisema, akacheka. Afisa naye akacheka kidogo, kisha akakohoa.

"Hivi wanamaliza upesi," msimamizi alieleza. "Na wengine hawana meno."

"Wangu ana meno yote," Fundi alisema. "Na ile sufuria iliyofunikwa?"

"Ile ni ya walezi."

Si ndoo peke yake iliyomchukiza Fundi. Ilikuwa ni ule mluzi, na ile sauti laini, na namna watu hawa walivyomwonyesha uozo wao bila kuficha hata kidogo, kwa sababu hawakuuona.

Chumba cha kulia kilikuwa na meza moja ndefu. Mlezi alipita akimimina kwa kata, na nyuma ya kata likafuata taulo, moja hilohilo, likifuta mdomo wa huyu, kisha wa yule, likirudi kwa wa kwanza likiwa limelowa. Mwanzoni mwa meza alikaa bibi mmoja mwenye kilemba cha buluu. Alimeza akiwa amefumba macho.

"Huyu ndiye mfano wetu," msimamizi alisema, akampapasa bega. "Miaka yote hana neno. Unachompa anakula."

Sultani alikuwa amekaa mwishoni. Alipomwona dada yake alisimama, akaegemeza paji la uso begani kwake, ndiyo salamu yake, akakaa tena. Mikono yake ilikuwa myembamba kama ya mtoto.

Bakuli likawekwa. Sultani alinusa. Akachota kijiko, akakiinua taratibu, bila fujo yoyote, akakipeleka mdomoni kwa mlezi.

Mlezi akaruka nyuma, akampiga mkono. Kijiko kikaanguka na ule uji ukamtapakaa kwenye aproni. "Mmeona?" alisema. "Kila siku ndiyo hivi. Anataka kunitia uchafu mdomoni."

"Uchafu gani?" Fundi aliuliza.

Sultani alianza kujipiga kichwani kwa ngumi, na mlezi akamkamata shingo kwa nyuma, akamwinamisha juu ya meza kama mtu aliyezoea.

"Mwachie," Fundi alisema, na sauti yake ikamfanya mlezi amwachie. "Huko ndiko kushambulia? Mtu anakuomba umwonjee chakula, unampiga? Nilikwambia, msimamizi. Nilikwambia siku ya kwanza, ukaitikia."

Msimamizi akalainisha sauti zaidi. "Wanaingia wengi, dada. Hatuwezi kukumbuka vijitabia vya kila mmoja."

Afisa alivua miwani, akaifuta. "Kama ni kuonja tu," alimwambia mlezi, "si uonje, tuone?"

"Mimi?" Mlezi alimtazama bosi wake.

Hapo Sultani alikuwa ameokota kijiko na kuchota upya. Akakipeleka kwa msimamizi. Msimamizi alifunika mdomo kwa kiganja, akasema ameshiba, ametoka kunywa chai sasa hivi. Akakipeleka kwa afisa. Afisa akarudi nyuma hatua moja na kusema ana vidonda vya tumbo. Basi Sultani akaja kwa dada yake, akasubiri.

Fundi alijua vizuri ulimi wake ulibeba nini. Akimeza na kusema "Salama", Sultani atakula. Atakula leo mbele ya afisa, ile karatasi itachanwa, na wodi itasahaulika. Neno moja tu. Na kesho atakula, na mwaka ujao, ndoo baada ya ndoo, kwa sababu dada yake alimthibitishia.

Akafungua mdomo. Samaki alikuja kwanza, halafu ndizi, halafu uchungu wa vidonge ukajaa mdomoni. Machozi yakamtoka. Sultani alikuwa akiutazama mdomo wake.

Akatema. Alitema palepale sakafuni, mbele ya viatu vya msimamizi, akajifuta kwa mkono.

Sultani alisukuma bakuli mbali naye, akaweka mikono magotini, akatulia tuli. Hakupiga mtu. Hakujipiga.

"Mbona ametulia?" afisa aliuliza.

"Ameshajibiwa. Sasa anasubiri sahani nyingine."

Hakuna aliyesogea kuileta. Fundi akaenda jikoni mwenyewe, akafunua sufuria ya walezi. Mlezi akasema, "Hicho ni chetu," lakini kwa sauti ya chini. Alipakua wali upande huu na samaki upande ule, visigusane, akarudi, akaonja.

"Salama, Sultani."

Sultani alikula. Alikula akiwa ameinama, mkono mmoja umezunguka sahani. Afisa aliikunja karatasi, akaitia mkobani. "Hii haitasainiwa," alisema, bila kumtazama mtu.

"Na leo tunarudi wote nyumbani," Fundi alisema. "Ya sokoni nitayajua hukohuko."

Msimamizi alikuwa amerudi mwanzoni mwa meza, ameanza kusema kwamba kuna taratibu za kumtoa mtu, alipohisi kitu kando yake. Bibi wa kilemba cha buluu alikuwa ameacha kula. Alimtazama Sultani kwa muda, akaitazama na sahani yake. Kisha akachovya kijiko kwenye bakuli lake, akakiinua kwa mkono usiotetemeka mpaka midomoni mwa msimamizi, akangoja.

Ng'ambo ya meza, kijiko kingine kikainuka.