Kioo kwa Jicho la Kulia

Siku daktari alipomfungua Hajar bandeji ya jicho la kulia, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa rangi ya buluu. Ukuta wa hospitali, ambao jana yake angeapa kuwa ni wa rangi ya chai ya maziwa, ulikuwa mweupe wenye ubuluu kwa mbali, kama shuka zilizosuuzwa na kuanikwa juani. Akafumba jicho la kulia, ulimwengu ukarudi kuwa wa manjano, uliochakaa. Akafumba la kushoto, ukawa mpya tena. Aliendelea hivyo ndani ya gari njia nzima ya kurudi mjini kwao Sib, fumba hili, fumbua lile, mpaka kaka yake Hamdan aliyekuwa akiendesha akamwambia aache, asije akaliharibu jicho lenyewe.

"Niache niangalie," Hajar akasema. "Kumbe bahari ilikuwa ya rangi hii na mimi sinayo habari."

Hajar alikuwa na miaka hamsini na sita. Alisomesha hisabati skuli ya wasichana mpaka akastaafu, na nyumbani kwao, kama nyumba nyingi za watu waliotoka Unguja kuhamia nchi hiyo ya Waarabu, Kiarabu kiliishia mlangoni na Kiswahili kikaanzia hapo. Wanafunzi wake wa zamani walipomkuta sokoni hawakuwa wakijua kwamba mwalimu wao alikuwa mlenga shabaha. Hamdan, aliyemtangulia kwa miaka minne na aliyewahi kuwa askari, ndiye aliyemtia kwenye mchezo huo tangu ujana wao. Ni mchezo wa utulivu kuliko watu wanavyodhani. Masahani ya chuma hutundikwa kwa minyororo mbali sana, kiasi kwamba kwa jicho tupu huoni kitu. Mtu hulala kifudifudi nyuma ya bunduki, akatazama kwenye darubini iliyofungwa juu ya mtutu, akatafakari upepo, akafyatua. Halafu husubiri chuma kimjibu.

Mwaka huo wote chuma kilikuwa hakimjibu Hajar. Watu walisema ni umri. Hamdan alisema ni mkono. Hajar mwenyewe alishikilia kwamba ni darubini, mpaka daktari alipomwambia ana mtoto wa jicho. Lakini alipopona na kuichungulia tena ile darubini yake ya miaka mingi, akakuta ndani ya kioo kumeota ukungu mwembamba kama utando wa buibui. Wagonjwa walikuwa wawili basi, jicho na darubini, na muda wote huo kila mmoja akimsingizia mwenzake.

Ndipo Hajar na kaka yake wakaenda kwa Maan.

Duka la Maan lilikuwa nyuma ya soko la Sib, linauza mahema, nyuzi za kuvulia na vifaa vya walenga shabaha. Maan huyohuyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa uwanja wa klabu yao, bondeni huko njia ya Kuryat. Aliwawekea darubini mbili juu ya kitambaa. Moja ilikuwa ndefu na nzito, yenye kioo cha mbele kipana kama kikombe cha maziwa. Ya pili ilikuwa fupi, nyeusi tii, haina makuu.

"Hii," Hamdan akasema, mkono umeshafika kwenye ile ndefu. "Hii inakuza mara ishirini na tano. Nzi akitua kwenye sahani utamwona anavyojipangusa mikono."

Hajar akaichukua akailekeza nje ya mlango. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la kofia. Mara akajikuta ndani ya kofia moja, katikati ya nyuzi zake za kijani, tundu baada ya tundu, kama mtu aliyepotea kwenye bustani iliyofumwa kwa sindano. Ilikuwa nzuri hata akasahau kupumua. Kisha kichwa kikamcheza kidogo tu, na kila kitu kikazimika kikawa cheusi.

"Imekufa," akasema.

"Haijafa," Maan akamjibu. "Hiyo ukiikuza sana inataka jicho likae mahali pamoja tu, wala lisitikisike. Hebu jaribu hii nyingine."

Kwenye ile fupi, kofia zilikuwa ndogo, lakini barabara nzima iliingia. Mwanamke aliyebeba mfuko wa ndimu. Paka. Kivuli cha waya wa umeme kikipanda ukuta. Vyote vilikuwa vinang'ara kwenye ile buluu mpya ya jicho lake, vimetulia kama vitu vilivyo chini ya maji safi. Hajar akazungusha kirungu kidogo cha juu, kile cha kupandisha na kushusha lengo, na kila hatua ikalia tik chini ya kidole, kavu, bila kuteleza.

"Hiyo ya kuwindia," Hamdan akasema. "Wewe unataka sahani ya mwisho, ile ya mbali kuliko zote."

Hajar hakumbishia. Kwenye mambo ya bunduki alikuwa hana mazoea ya kumbishia kaka yake. Maan, aliyewajua wote wawili, akacheka kichinichini. "Darubini hainunuliwi dukani," akasema. "Chukueni zote mbili, njooni nazo uwanjani Ijumaa baada ya sala. Hamdan afunge ndefu, Hajar afunge fupi, kisha mbadilishane."

Ijumaa hiyo bonde lilikuwa limejaa jua. Kipindi hicho cha mwaka hewa huwa nyepesi, lakini mawe yalikuwa yamekwishashika moto, na juu yake ardhi ilikuwa ikitoa ule mvuke usiokuwa mvuke, sarabi, unaopanda na kulegalega kama pazia la hariri. Maan alikwishazunguka asubuhi na gari kuhakikisha hakuna mtu, akapandisha bendera nyekundu barabarani na juu ya mlima ulio nyuma ya masahani. Akawakumbusha sheria ya uwanja, japo waliijua kwa moyo. Yeyote atakayesema "simama", awe nani, bunduki zote hunyamaza.

Wakapiga masahani ya karibu kwanza ili kuzoesha vioo. Chuma kilijibu, sauti ikaja bondeni nyembamba na tamu, ikachelewa, ikafa taratibu. Kisha Hajar akalala nyuma ya bunduki ya kaka yake kuionja ile darubini ndefu. Akakitafuta kisahani cha mwisho, kile cheupe kilichokuwa peke yake chini ya mlima. Alipokipata, hakikuwa kisahani tena. Kilikuwa mwezi ulioangukia mtoni. Kilivimba, kikanyauka, kikagawanyika vipande viwili vikaungana tena. Maji yasiyokuwapo yalipita juu yake kutoka kushoto kwenda kulia. Hajar alitazama, akatazama, kidole chake kikiwa mbali na kifyatulio. Alihisi kama anaelea na yeye, na kwamba akinyoosha mkono utalowa.

"Utapiga au utalala?" Hamdan akauliza, amesimama juu yake.

"Sijui nipige kipi," akasema. "Viko vingi."

Akainuka akampisha, akarudi kwenye bunduki yake, ambayo risasi zilikuwa zimeshatolewa, ili amtazamie kaka yake upepo. Kwenye ile darubini fupi, kisahani kilikuwa kidogo kama shanga. Sarabi ilikuwapo, lakini ilikuwa mbali na kwa adabu, ikionyesha tu upepo unaelekea wapi. Mlima mzima ulimwingia jichoni, na miiba yake na njia za mbuzi.

Hapo ndipo alipoona mtu anaelea.

Alikuwa juu kidogo ya sahani, kulia, mahali mteremko unapoanza. Hakuwa na miguu. Kiwiliwili kilikuwa kinashuka polepole hewani, cha rangi ya machungwa, na chini yake kiwiliwili kingine kama hicho, kichwa chini miguu juu, kinakuja kukutana nacho. Vikagusana, vikayeyuka, pakabaki mawe matupu.

Hajar akapepesa jicho. Tangu apasuliwe alikuwa huona vitu vidogo: vijiuzi vya mwanga pembeni mwa taa, duara la fedha akigeuka haraka. Daktari alimwambia vitaisha vyenyewe. Kando yake, Hamdan alikuwa ameshajaza risasi, na pumzi yake imeanza kwenda chini, ile pumzi ndefu ya mtu anayekaribia kufyatua. Hajar aliijua pumzi hiyo kuliko sauti yake mwenyewe. Akafikiria mwaka mzima wa kukosa, na watu wakimwambia jicho lake linamdanganya. Mawe yalikuwa matupu. Kisha ile rangi ya machungwa ikarudi, karibu zaidi na sahani.

"Simama," akasema.

Alisema taratibu, karibu kama mtu anayejisemea. Hamdan hakuondoa jicho. "Nini?"

"Kuna mtu."

"Nnaiona sahani kama nnavyokuona wewe. Hapana mtu. Sarabi hiyo, Hajar."

Hajar akanyoosha mkono, akakiingiza kiganja chake baina ya jicho la kaka yake na kioo. Hakuwahi kufanya jambo kama hilo maishani mwake. "Simama, kaka," akarudia. "Nnakwambia nimeona mtu."

Hamdan akatoa kidole kwenye kifyatulio. Akafungua bunduki, risasi ikaruka ikadondoka mchangani. Maan alikuwa ameshasimama na kiona mbali chake, akalipekua lile bonde kwa muda uliokuwa mrefu kwa Hajar, halafu akakishusha, akaenda kwenye gari.

Walikwenda wote watatu. Walimkuta ameketi juu ya jiwe, hatua chache tu kutoka kwenye sahani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa gauni la kazi la rangi ya machungwa na kandambili, simu mkononi. Alipomwona mwanamke mwenzake ameshuka garini akaanza na Kiarabu cha kuungaunga. Hajar, kwa namna mgeni alivyoyaburuta maneno, akamjua kuwa ni mtu wa Kiswahili.

"Watoka wapi, mwanangu?" akamuuliza kwa Kiswahili.

Yule mwanamke akainua uso, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotegemea. "Shikamoo, mama," akasema. "Natoka Tukuyu, Tanzania. Naitwa Bupe."

"Marahaba. Umepitia wapi kufika hapa?"

Bupe akaonyesha mlima. Mabosi wake walikuwa upande wa pili, kwenye bwawa, wanachoma nyama. Yeye alikuwa anatafuta mtandao. Dada yake alikuwa leba tangu alfajiri, na kule bwawani simu haikamati kitu. Akapanda mpaka juu. Bendera hakuiona. Baadaye Maan aliikuta imejizungusha kwenye mti wake kwa upepo, imekuwa kama kijiti tu.

"Lakini hukusikia mlio wa bunduki?" Hamdan akauliza.

"Nilisikia vishindo, baba, nikadhani wanapasua mawe. Halafu nikasikia kengele." Akatazama chini, akaona haya. "Kengele kabisa, kama ya kanisa letu. Nikajua huku haiwezekani. Nikasema labda jua limeniingia kichwani, lakini miguu ikawa inashuka tu. Nikasema acha nifuate, nijue mwisho wake."

Hajar akaelewa kengele hiyo ilikuwa ipi: ni chuma walichokuwa wakikipiga. Sahani nyeupe ilikuwa inaning'inia nyuma ya Bupe, pana, tulivu, ina ukubwa wa sinia. Kwa karibu ilikuwa kitu cha kawaida kabisa, kimepigwa rangi vibaya. Maan akamweleza mgeni wao kwa upole pale alipokuwa ameketi ni mahali gani. Bupe akasikiliza mpaka mwisho, akakigusa kile chuma kwa ncha ya kidole, kikatoa mguno mdogo. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, na Hajar akavua ukaya wake mwenyewe, mtandio wa begani, akamfunika.

Walimpeleka kwenye kivuli cha kibanda cha uwanja, wakampa kahawa na tende. Huko simu yake ikashika. Iliita mara moja tu. Bupe aliongea Kinyakyusa, haraka, akageukia ukutani. Alipowageukia tena uso ulikuwa umelowa. "Wa kike," akasema. "Wote wazima."

Maan akamrudisha kwa gari kwa njia ya kuzunguka, aeleze mwenyewe kwa mabosi wake, asije akalaumiwa. Hajar na Hamdan wakabaki kibandani. Jua lilikuwa limeinama na sarabi imelala. Bonde lilikuwa wazi, buluu juu ya buluu, na sahani ya mwisho ikionekana kwa mbali hata bila kioo, au pengine Hajar alikuwa ameshajua pa kutazama.

Hamdan alikuwa akizungusha kikombe kitupu mkononi.

"Mimi sikumwona," akasema.

"Ungemwona wapi, kaka. Darubini yako haikuwa na nafasi yake."

"Ningepiga."

Hajar alikichukua kile kikombe, akakijaza, akamrudishia.

Jumamosi akaenda peke yake dukani kwa Maan na kumwambia anaitaka ile fupi. Maan akamuuliza kama Hamdan ameridhika. "Sikumuuliza," Hajar akasema, na wote wawili wakaona kwamba hilo nalo lilikuwa jipya.

Mchana mmoja baada ya hapo, uwanja ukiwa na bendera mpya tatu na ua wa waya juu ya mlima, Hajar alilala kifudifudi kwenye mkeka. Hamdan alikuwa amelala kando yake, hana bunduki, ana kiona mbali cha kawaida tu, anamsomea upepo. Sarabi ilikuwa inakwenda kulia.

"Ngoja," Hamdan akasema. "Ngoja. Sasa inasimama."

Hajar akazungusha kirungu, akahesabu tik kwa kidole, akatoa pumzi. Ile shanga nyeupe ilikuwa katikati, na kandokando yake mlima mzima, miiba, njia za mbuzi, hakuna mtu. Akafyatua. Pakawa kimya, kimya kirefu, kana kwamba bonde linalifikiria jambo. Kisha shanga ikayumba, na baada yake, kwa wakati wake, ikaja sauti.

Hamdan alishusha kiona mbali akamtazama dada yake. Maan alikuwa akiwaita wakanywe kahawa.

"Nnakuja," Hajar akasema, lakini hakuinuka. Alibaki jicho kwenye kioo, akiiangalia sahani inavyobembea, kidogo, kidogo tena, mpaka itulie.