Mtani Kutoka Ng'ambo ya Tunduma

Rozalia alikwisha kuzikwa, lakini mumewe, balozi mstaafu Sosthenes, alikaa msibani Iringa bila kutoa chozi. Watu walimpa pole kwa adabu ya kuogopa cheo. Alitamani mtu wa kumtania. Kule Lusaka alikokuwa balozi, yeye Mhehe na Jere, mtani wake Mngoni wa wizara ya mambo ya nje ya Zambia, walipatanisha nchi zao mbili kwa utani, na Rozalia akiwacheka.

Mchana Jere aliingia na vumbi la safari, akajitupa mkekani.

“Mhehe, umemficha wapi shemeji? Sili hapa mpaka anipakulie mwenyewe!”

Waombolezaji walishtuka. Sosthenes alicheka, na kicheko kikageuka kilio.

“Hata mimi sijala, Mngoni,” alisema. “Namngoja.”