Mbavu za Mundhir

Pampu ya kujazia upepo ilimpata Mundhir ubavuni kabla hajajua ni nani anayempiga. Alikuwa amepiga magoti mchangani, anakusanya nyuzi, damu ya mtu mwengine imemgandia vidoleni. Pigo la pili lilitua palepale pa kwanza. Safari hii alisikia kitu kikivunjika ndani yake, mlio mdogo mkavu, na pumzi ikamkatika. Alipogeuza uso alimwona Shaame, amesimama juu yake, ameishika ile pampu kwa mikono miwili.

Shaame alikuwa rafiki yake. Huo ndio ukweli, na watu wa kijiji cha Paje waliokuwa pwani siku ile wanaujua. Mundhir alikuwa mtoto wa mjini, kazaliwa mtaa wa Malindi. Babu zake walikuwa na mikarafuu upande wa Kizimbani, lakini yeye hakurithi hata mche mmoja. Shaame alikuwa mwenyeji wa hapo hapo Paje. Mholanzi mmoja alipofungua shule ya kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao, wawili hao walijifunza pamoja, wakaanguka pamoja, na mwishowe wakawa walimu pamoja. Kwa miaka mitatu walikula sahani moja.

Mchana ule wa mwezi wa Januari, mwaka 2007, maji yalikuwa yamekupwa na wanawake wako kwenye mashamba yao ya mwani. Mundhir alikuwa na mwanafunzi, mzungu mzito asiyesikia la mtu, aliyetaka kwenda upande wa mashamba kwa kuwa maji ya huko yametulia. Mundhir alijua kuwa hapaendwi wakati wa kupwa. Alimpeleka. Kaiti ikamshinda yule mzungu, ikaanguka katikati ya vijiti vya mwani, kisha upepo ukaiinua kwa mkupuo, na nyuzi zake zikakazika ghafla. Uzi wa kaiti ukikazwa na upepo hukata kama wembe. Ulimpitia usoni Bi Thuwaiba, aliyekuwa ameinama anafunga mwani wake, ukamchana kutoka sikioni mpaka kwenye pembe ya mdomo.

Bi Thuwaiba alikuwa mama mdogo wa Shaame. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

 Shaame aliitupa pampu, akaanza kutumia miguu. Alimpiga teke la ubavu, la tumbo, kisha tena la ubavu, na Mundhir alijikunja mchangani akaacha kujikinga, kwa sababu kila akiinua mkono maumivu yalimchoma mpaka mgongoni. Wanaume wanne walimvuta Shaame kwa nguvu. Akiwa mikononi mwao, anahema, ndipo alipotoa neno.

"Uso wa mama yangu, Mundhir."

Bi Thuwaiba alipelekwa mjini akashonwa uso. Mundhir naye alipelekwa kwa gari nyengine, na daktari akamwambia mbavu mbili za kushoto zimevunjika na hazina dawa ila kungoja. Alikwenda kungojea nyumbani kwake Kiembe Samaki. Kukohoa kukawa adhabu, na kucheka kukawa ndiyo mbaya zaidi. Usiku alilala ameketi, mito mitatu nyuma yake. Mkewe Lamya alitaka waende polisi siku ile ile, na alilirudia jambo hilo kila alipomfunga bendeji. Mundhir alimjibu kuwa wakienda polisi kwa ajili ya mbavu zake, itabidi waulizwe pia habari za uso wa yule mama. Lamya hakuridhika.

Shaame hakuja kumtazama. Kilichokuja ni habari, nazo zililetwa na watu. Shaame amesema Mundhir asitie mguu baharini Paje. Shaame amesema akimwona juu ya maji atamaliza alichokianza.

Mwezi wa Machi ulipoingia, yule Mholanzi alipiga simu. Alizungumza kwa upole, lakini maana yake ilikuwa moja: kaskazi inakwisha, wageni wapo, na kama Mundhir hawezi basi atafutwe mwengine. Mundhir akasema anaweza, na asubuhi ya pili alikuwa Paje, anatembea amejishikilia ubavu kama mtu aliyeficha kitu ndani ya shati.

Stoo ya shule ilikuwa chini ya Amjad, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Mundhir alikwenda moja kwa moja kwenye msumari wake, akateremsha hanesi yake. Hanesi ni ule mkanda mpana anaojifunga mwenye kaiti, una ndoano ya chuma mbele, na ndoano hiyo ndiyo inayobeba mvuto wote wa upepo ili mikono isichoke. Ya Mundhir ilikuwa ya kiunoni. Aliifunga, akavuta ukanda mara moja tu, akaiachia. Jasho lilimtoka usoni.

"Nshapoa," alisema, kabla hajaulizwa.

 Amjad alichukua kamba, akaipitisha juu ya boriti ya paa, akafanya kitanzi na kumwonesha. "Tia ndoano hapa uning'inie. Nnataka kuuona uso wako."

Mundhir aliitia ndoano kwenye kitanzi, akakunja magoti, akauachia mwili. Hanesi ilipanda papo hapo, ukingo wake wa juu ukamwingia chini ya mbavu, na akapiga ukelele ambao hakujua kuwa anao. Amjad alimshika makwapani akamwinua. Alimwambia kuwa ya kiunoni haimfai mtu mwenye ubavu mbovu, kwa sababu upepo ukivuta juu, nayo hupanda juu, na hakuna cha kuizuia ila mbavu zenyewe.

Wakajaribu nyengine, pana zaidi, yenye mgongo mgumu. Ile ingemfaa mwenye maumivu ya kiuno; Mundhir ilimbana kifua kizima, akashindwa kuvuta pumzi. Wakajaribu ya tatu, laini, mpya, ya bei mbaya. Hiyo ilijikunja ilipobeba uzito, ikambonyeza palepale penye jeraha. Mundhir aliipiga teke mpaka ukutani, akakaa chini kwenye sakafu ya saruji. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na nguvu za kuyaficha.

Amjad aliingia ndani kabisa, akarudi na hanesi nyeusi ya zamani ambayo walimu waliicheka. Ilikuwa ya kukalia, mfano wa suruali fupi isiyo na kitambaa, na mikanda miwili ya kupita mapajani. Ndoano yake ilikuwa chini, chini ya kitovu.

"Anza kukaza mapaja, kiuno baadaye," Amjad alisema. "Ukianza kiunoni itakupanda kama zile."

Mundhir alikaza mapaja, kisha kiuno, Amjad akamsokomezea sponji nyuma ya chuma cha mbele. Alining'inia. Hanesi haikupanda. Uzito ulikwenda nyongani na matakoni, kama mtu aliyeketi kwenye bembea, na mbavu zikabaki juu, huru, hakuna kinachozigusa. Alivuta pumzi moja ndefu. Tangu Januari hakuwahi kuivuta pumzi mpaka mwisho. Alibaki pale kwenye kamba, anazunguka polepole, hataki kushuka.

Alipouliza kile kimfuko cha pembeni ni cha nini, Amjad alimwonesha kisu kilichochomekwa ubavuni mwa hanesi, kidogo, chenye makali ndani ya mpindo, cha kukatia nyuzi mtu akinaswa. Kisha akamwambia kuwa Shaame yuko baharini kila alasiri, na kwamba mtu mwenye akili angengoja mpaka hasira zipoe. Mundhir akasema amengoja vya kutosha.

Aliingia majini baada ya sala ya alasiri. Maji yalikuwa yamejaa, upepo mzuri. Mapaja yalimwuma kidogo kwa ile mikanda lakini ubavu ulikuwa kimya, na kwa muda mfupi alisahau kila kitu. Alikwenda mpaka karibu na mwamba, akageuza. Aliporudi aliiona kaiti nyekundu inamjia.

Alijua ni ya nani. Aliinua mkono kumwashiria apite chini, upande upepo unakoelekea, kama ilivyo desturi ya kaiti zikipishana. Shaame hakupita chini. Alielekeza kaiti yake kwenye nyuzi za Mundhir, akaja kwa kasi yote, na nyuzi zikakutana zikajisokota. Kaiti zote mbili zikaanguka, ubao ukamtoka Mundhir miguuni, na kabla maji hayajamtoka machoni Shaame alikuwa juu yake.

Alimkamata kichwa akamzamisha. Mundhir alimeza maji, akapapasa, akapata sikio, akalivuta kwa nguvu zote mpaka Shaame akamwachia. Alipoibuka tu ngumi ilimfikia ubavuni. Shaame alijua pa kupiga. Ya pili ikafika pale pale, na ya tatu, na Mundhir aliona weupe mbele ya macho yake. Hakuweza kumsukuma, basi alimkumbatia, akamvuta karibu na kumpiga kwa paji la uso puani. Kitu kilibonyea. Alipiga tena. Akamng'ata bega mpaka akaonja damu.  Kilichosikika ni pumzi zao na maji.

Ndipo ile kaiti nyekundu ikashika upepo.

Iliruka yenyewe, ikaanza kuzunguka angani bila mtu wa kuiongoza, na kila mzunguko uliwavuta wote wawili kama ng'ombe aliyekata kamba. Mundhir alilivuta fundo la kujitoa, lile linaloachia kaiti. Halikuachia, nyuzi zilikuwa zimejifunga kwenye ndoano yake. Mvuto uliingia nyongani, ukamburura juu ya maji. Ingekuwa ile hanesi yake ya kiunoni, mbavu zile zingemwingia mapafuni. Kisha akamsikia Shaame akilia.

Uzi ulikuwa umemzunguka mkono wa kushoto. Kwa kila mzunguko wa kaiti ulizidi kukaza, na vidole viwili vilikuwa vimekwisha kuwa vyeupe, kisha vikawa vyekundu. Shaame alimwangalia. Damu ya pua ilimjaa mdomoni.

Mundhir alikitoa kisu. Alikuwa nacho mkononi, na uzi ulikuwa mbele yake, na hakukata. Kaiti ilizunguka. Alimtazama mtu aliyemvunja, anavyopiga kelele, na aliona raha, raha kabisa, ikimpanda kifuani mahali ambapo miezi miwili palikuwa na maumivu tu. Kaiti ikazunguka tena. Kitu kilikatika, na hakikuwa uzi.

Hapo akakata. Alikata wa kwanza, wa pili, akakata kila alichokiona, mpaka kaiti nyekundu ikaruka zake kuelekea kijijini, imelegea. Alimshika Shaame kwa mshipi wa nyuma wa hanesi yake, akaanza kuogelea kwa mkono mmoja. Mashua ya shule iliwakuta njiani.

Vidole viwili vya Shaame havikuonekana.

Wageni wa hoteli walikuwa wameona kila kitu, kwa hiyo safari hii polisi walikuja. Askari mmoja, Silima, aliwaweka wote nyumbani kwa Bi Thuwaiba, kwa sababu Shaame alikuwa amelala huko baada ya kutoka hospitali. Mama mwenyewe aliketi mlangoni, kovu lake bado bichi, mdomo umevutika upande. Silima alisema kama ilikuwa ajali ya upepo ataandika ajali, na mambo yatakwisha hapo. Alimtazama Mundhir kama anayemsaidia.

Mundhir aliangalia chini. Lilikuwa neno jepesi, na kila mtu mle ndani alikuwa analingoja.

"Si ajali," alisema. "Alinijia kusudi. Alitaka kunizamisha."

Shaame hakutikisika. Mkono wake uliofungwa ulikuwa juu ya goti.

"Na mimi nlikuwa na kisu," Mundhir aliendelea. "Ningeweza kukata mapema. Sikukata. Nilimtazama."

 Silima aliacha kuandika.

"Kweli," alisema Shaame. "Yote mawili."

Silima akauliza nani anamshitaki nani. Mundhir alisema hamshitaki mtu, wala hakuna msamaha aliotoa. Ubavu ulikuwa umevunjika upya, na kila pumzi ilimkumbusha. Shaame akasema vivyo hivyo. Bi Thuwaiba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazungumza kwa shida, kwa upande mmoja wa mdomo. Alisema hakumtuma mtu kupigana kwa ajili ya uso wake. Alisema anataka shule ile isivuke vijiti vya mwani, maji yakupwe au yajae, na anataka watu watoke nyumbani kwake, kwa sababu uso unamwuma na anataka kulala.

Wakatoka. Mholanzi aliweka maboya mekundu kuonesha mpaka, na Mundhir mwenyewe ndiye aliyekwenda kuyatia nanga. Shaame hakuweza tena kushika kaiti sawasawa. Alihamia mjini, na watu walisema wanamwona kwenye bustani ya Forodhani akichoma mishikaki, anapindua vijiti kwa mkono wa kulia. Mundhir alikwenda mara moja mpaka kwenye bustani, akamwona kwa mbali ndani ya moshi, akarudi bila kumsogelea.

Mbavu zilishika, lakini moja ilishika kombo. Mpaka leo hawezi kulalia upande wa kushoto, na hajarudia hanesi ya kiunoni.

Mwaka wa pili, siku moja ya kupwa, alikuwa anakunja kaiti pwani Bi Thuwaiba alipopita na furushi la mwani mbichi kichwani, maji yanamchuruzika mgongoni. Mundhir alisimama, akasema shikamoo. Yule mama alikwenda hatua kadhaa kabla ya kujibu.

"Marahaba," alisema, akaendelea na njia yake.